Salamu za Poland

Miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nilikuwa kwenye foleni bomani Singida. Mbele yangu walisimama mama mmoja wa Ilongero na mwanawe. Kijana alikuwa amepata nafasi ya kusoma katika mji mmoja wa Poland, akaja kuomba ruhusa ya kusafiri.

Bwana Shauri, yule ofisa wa Kizungu aliyeshughulikia maombi ya wenyeji, akatikisa kichwa. "Poland hapafai. Siku hizi ni kwa Wakomunisti, watakuharibu akili. Tena huko ni baridi na njaa tupu."

Mama akasogea mezani. "Bwana, si ndio wale Wapolandi mliowaleta kambini Kondoa wakati wa vita? Nilikuwa naishi huko, nikiwauzia maziwa. Mlituambia ni ndugu zetu. Na kila wakitaja kwao, walikuwa wanalia kwa hamu ya kurudi."

"Mambo yamebadilika, mama."

"Kwao kumehama?"

Bwana Shauri akawa mwekundu, akainamia karatasi zake. "Ruhusa hakuna. Anayefuata!"

Kijana akageuka, macho yamelowa. Nadhani hakuna aliyemjulisha mama yule kwamba undugu ulikwisha kufutwa, kwa maana alimfunga mwanawe kifungo cha shati, akamwambia kwa sauti iliyofika mezani:

"Usilie. Ukifika huko, wasalimie."