Saa Mbili za Shemeji

Mlango wa bibi arusi haufunguki, na arusi kesho!

Nnabandika karatasi hii barazani kwa kuwa sina pa kulia.

Mnaijua ile gari yangu iliyokuja na meli vipande vipande, bodi yake faibaglasi, ndo itayombeba bibi arusi. Kilibaki kipande kimoja tu, cha ubavuni nyuma ya mlango.

Leo saa moja asubuhi nimekipaka gundi, nikakibana kwa vibano. Gundi hiyo inataka saa mbili ikauke, yaani mpaka saa tatu.

Nikamwambia shemeji yangu Haji, ndugu wa mke wangu, "Nnakwenda sokoni Darajani. Vibano viache saa mbili, ndo uvitoe."

Redio ikatangaza saa mbili kamili.

Akavitoa vyote.

Kipande kikateremka, kikaugandia mlango. Sasa kigumu kama jiwe, na gundi nyingine kisiwa kizima hakuna.

"Shemeji, si nlikwambia saa mbili?"

"Naam. Sikuchelewa hata dakika."

Hata kumgombeza siwezi. Ndivyo nlivyosema.

Dada yangu, bibi arusi mwenyewe, kauvuta mlango weee. Kauliza, "Kesho niingilie dirishani?"

Mwenye rai aandike hapa chini, penseli nimeifunga kwa uzi.

Shemeji keshaandika: "Bahati yako nlikuwepo."