Robo Kilo ya Misumari

Fundi Mbithi hakuwa na haja na misumari. Nimeuza misumari na mabati hapa Kalamba miaka kumi na minane, tangu nihame kutoka Nyeri, na fundi mwenye kazi namjua. Huyu alikuja kila siku ya tatu, akaitisha robo, kisha macho yakaganda kwenye karatasi niliyofungia.

"Githaiga, usinipe hiyo ya matangazo. Nipe yenye maandishi mengi."

Karatasi zilitoka kwenye katoni tatu za majarida ya Kiingereza, ya wanyama na safari za mbali, niliyoyanunua kwa kilo wakati hoteli moja ya watalii ilipofungwa kule barabara ya Mombasa. Robo kilo, ukurasa mmoja. Mbithi alisoma habari za dubu weupe bila mwanzo na za wapanda milima bila mwisho. Nani alifika kileleni, nani aliganda njiani, hakujua, maana ukurasa wa pili ulikwenda na misumari ya mtu mwingine. Neno gumu aliliandika kwa penseli kwenye mbao aliyokuwa akiifanyia kazi. Nusu ya mapaa ya Kalamba yana Kiingereza ndani yake. Langu lina "archipelago", yaani kundi la visiwa, na sisi hapa hata mto wetu ni mchanga mtupu.

"Huyu mzee anaongea Kiingereza na kuku," mkewe Kavata aliniambia. "Wewe muuzie tu, mimi ndiye nakaa na yeye."

Nilicheka, lakini nilijua kinachomsumbua mumewe. Miaka kumi na mmoja Mbithi ndiye aliyesimama kando ya wageni kanisani, akigeuza mahubiri yao ya Kiingereza kwa Kikamba. Aliishia darasa la saba. Heshima nyingine hakuwa nayo. Kisha miaka mitatu iliyopita mgeni mmoja alianza kueleza mito ya barafu. Mbithi akakwama. Kanisa likacheka, na Mwangangi, kijana wa chuo kikuu, akainuka pale alipoketi akamalizia. Tangu hapo kazi ikawa ya Mwangangi. Baada ya kubembelezwa sana, mchungaji Mutiso akampa Mbithi nafasi moja ya mwisho: Agosti, mgeni wa kufungua tangi la maji la kanisa.

Ningeweza kumpa katoni zote tatu siku ile ya kwanza. Sikumpa. Misumari ilikuwa inatoka, na mimi ni mfanyabiashara.

Jumapili ilipofika alivaa koti lake la harusi, akasimama kando ya mgeni, mikono nyuma, midomo ikichezacheza. Mgeni, kijana mrefu mwenye shingo iliyoungua na jua, akashika maikrofoni.

"Bwana asifiwe! Mimi nimekaa Dodoma miaka minne. Leo nitahubiri kwa Kiswahili. Asante sana, baba, unaweza kuketi."

Kanisa lililipuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Nami nilipiga makofi, Mungu anisamehe, tena kwa nguvu, kabla sijamkumbuka Mbithi. Alishuka zile ngazi tatu za mbao alizozitengeneza kwa mkono wake, akapita katikati ya watu waliokuwa wakishangilia, akaketi benchi la mwisho. Hakuna aliyemkosea. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata wa kumlaumu hayupo.

Baada ya ibada mchungaji alitangaza kwa furaha kwamba wageni wote wa shirika lililotoa tangi sasa wanapelekwa Dodoma kwanza, wajifunze lugha.

Jumatatu Mbithi alikuja, akaitisha robo. Nikazitoa katoni zote, nikaziweka juu ya kaunta.

"Chukua zote, fundi. Bure. Ilinipasa nikupe kitambo."

Alifungua jarida moja. Katikati lilikuwa limechanwachanwa, kurasa nilizozichana mimi. Akalifunga taratibu.

"Wale wa mlimani, unajua kama walifika?"

"Sijui, fundi. Mimi sikusoma."

"Basi. Weka tu misumari mkononi."

Nikammiminia viganjani. Alikwenda nayo hivyo hivyo kuvuka barabara, ikimdondoka mmoja mmoja, na hakuinama kuuokota hata mmoja.