Foleni ya Shemeji Norman

Nauza jibini na pai za nyama ya nguruwe uwanjani, mbele ya Kanisa Kuu la Aldminster, na watu ninaowachukia kuliko mvua ni wasafiri wa siku moja. Wanashuka basini na mikate waliyoifunga kwao, wanaonja jibini langu la kila aina, wanasema ni zuri sana, wanaondoka. Mfalme wao ni Norman Gatley, kaka wa mke wangu.

Norman alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi ya kwao. Ujana wake wote uliishia katika kuwaamsha watu waliolala. Alipostaafu, dunia ikaacha kumwonyesha tiketi, na hilo ndilo lililomzeesha. Kilichomfufua ni klabu ya wastaafu, iliyomchagua aongoze safari yao ya kila mwaka. Tangu hapo anawaleta hapa, mwavuli juu kama bendera, akiwasimulia habari za maaskofu waliokufa, nusu amezitunga mwenyewe.

Safari hii kiti chake kilikuwa kinacheza. Sheila Bracewell, mwanachama mwenzake, alikuwa anasema waziwazi kwamba watu wamechoshwa na makaburi, wapelekwe baharini wakale samaki. Kura ingepigwa ndani ya basi wakati wa kurudi. Norman alininong'oneza hayo kibandani kwangu, bila kununua kitu. Siku ingeharibika, naye angekuwa abiria tu.

Mvua ilikuwa inanyesha na kila mtu alikuwa na koti jeusi. Kwenye mlango wa kaskazini palikuwa na foleni. Sisi Waingereza tukiona foleni hatuulizi inaenda wapi. Tunaona aibu tu kuwa nje yake. Norman akainua mwavuli, wazee wakamfuata.

"Shemeji," nikamwambia, "foleni ile si ya wageni."

"Foleni ni foleni," akasema. "Nimesimamia nyingi kuliko pai ulizouza."

Nikarudi kwenye jibini langu. Nilijua ni mazishi ya Arthur Winstanley, fundi wa saa ya mnara, kwa sababu pai za wafiwa zilitoka kwangu. Lakini ushauri wangu nautoa mara moja. Mtu akiukataa, siupunguzii bei.

Mlangoni Norman hakumkuta mkata tiketi, alimkuta mjane. Angeweza kuomba radhi na kugeuka. Lakini nyuma yake lilikuwa limejipanga kundi zima, na Sheila akiwa wa kwanza. Mjane akamshukuru kwa kuja kutoka mbali. Norman akasema wasingeweza kukosa. Akaulizwa alimfahamu Arthur wapi, akajibu kwenye mabasi, na kwamba Arthur sikuzote alikuwa na tiketi yake mkononi. Mjane akamminya mkono. Ndipo wazee wote, waliokuja kutazama madirisha ya rangi, wakapita mmoja mmoja wakitoa pole. Hata mmoja hakutoka kwenye mstari. Waliimba, wakalia kidogo, kisha wakala pai zangu, kwa kuwa sasa zilikuwa za bure.

Hayo nilisimuliwa na mjane mwenyewe alasiri ile, alipopita kunishukuru. Sheila alikuwa palepale, anaonja jibini kwa mara ya tatu.

"Yule mzee wa mabasi amenigusa sana," alisema mjane. "Ila Arthur hakupanda basi maisha yake yote. Lilikuwa linamtapisha."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Amekuja mbali hivyo, na mvua hii. Ningemwambiaje?"

Akaenda zake. Sheila alikuwa ameacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza nilimtazama kwa heshima, maana alikuwa ameokota silaha ambayo mimi ningempindua nayo Norman kabla dereva hajawasha injini.

"Basi umempata," nikamwambia. "Utasema lini?"

"Mbele ya watu?" Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo. "Haitakuwa adabu, bwana."

Akarudisha kijiti cha kuonjea, akaondoka bila kununua. Sijapata kuona biashara mbovu kama ile. Mmoja anadanganya kwa aibu, wa pili anaupokea uongo kwa upole, wa tatu anaufukia kwa adabu, halafu wanaita ustaarabu.

Kesho yake asubuhi Norman alimpigia simu mke wangu. Kura zote alipata yeye. Sheila alijitoa mwenyewe, akisema baharini kuna upepo. Nikaomba simu nimpe hongera, nimsikie anavyojitetea.

"Mwakani tunarudi, shemeji," akasema. "Tutampelekea Arthur maua. Unajua, alikuwa anapenda kiti cha nyuma, dirishani."