Mawe ya Daraja Letu

Nilikuwa nachambua maharage kwenye ghala moja pale Kasulu, mimi na wanawake wengine saba, nilipoliona gunia la mama yangu. Nililijua kwa kiraka cha kitenge cha bluu alichokishona mwenyewe. Maharage yalikuwa yale ya njano ya kwetu, kitongoji cha ng'ambo ya mto, upande wa kwenda Kibondo. Nililifungua kwa furaha kama mtu aliyepata mgeni kutoka nyumbani.

Mchana huohuo akaja mnunuzi na lori. Tajiri wangu, mwenye ghala, akamtajia bei ya kilo mbele yetu bila kuficha. Nani angewajali wanawake waliokaa chini na nyungo? Mimi nilisikia. Ilikuwa mara mbili ya ile aliyompa mama wiki iliyotangulia. Hasira ilikuwepo, lakini zaidi ya hasira nilihisi nimeshika jambo ambalo kwetu hakuna aliyelijua, na nilitamani Jumamosi ifike upesi.

Ilipofika, nikapanda bodaboda hadi ukingoni mwa mto, nikavua viatu, nikavuka. Mama alikuwa anamenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni nani mwingine angekuja kuyachukua maharage huku. Hakukosea. Magogo tuliyoyalaza mtoni yalisombwa kila masika, gari halikuweza kupita, na ni tajiri peke yake aliyekuwa na wapagazi wa kuvusha magunia kichwani. Gharama hiyo aliikata kwetu, halafu akakata na faida yake.

Nikamwendea mwenyekiti wa kitongoji. Akaniambia halmashauri ilikwishaahidi saruji, nondo na fundi wa kutujengea daraja, ila mawe, mchanga na nguvu kazi vitoke kwetu, na watu hawakuwa wamejitokeza. Akaitisha mkutano Jumapili baada ya ibada, akanisimamisha niseme. Sikuwa nimewahi kuongea mbele ya watu. Nilianza kwa Kiswahili, nikababaika, nikamalizia kwa Kiha. Nilipotaja bei ya Kasulu mkutano wote uliguna, na waliokuwa wamekaa nyuma wakasogea mbele.

Ndipo jirani yetu mmoja, mjane aliyeishi kwa kulima kibarua kwenye mashamba ya wenzake, akaomba nafasi.

"Mimi sina shamba," alisema. "Nikibeba mawe, nambebea nani?"

Baba yangu mdogo, aliyekuwa na mashamba mengi kuliko wote pale, akajibu kwamba daraja ni la wote na kila kaya ibebe sawa. Mimi nilikuwa upande wa mjane, lakini kumpinga baba mdogo hadharani sikuthubutu. Mama ndiye aliyeinuka.

"Shemeji, wewe una ekari kumi na mbili, mwenzako hana hata robo. Mkibeba sawa, huo usawa uko wapi?"

Ubishi ulichukua mchana mzima. Mwishowe wakakubaliana kila mwenye shamba alete mawe kulingana na ekari zake, na wasio na ardhi wakatiwe vipande kwenye bonde la kijiji ambalo halikuwa likilimwa na mtu. Mwenyekiti akalipeleka jambo hilo kwa serikali ya kijiji, likapita. Baba mdogo alinuna siku mbili. Siku ya tatu tulimwona anakuja na mkokoteni uliojaa mawe, hatazami mtu.

Ghalani sikurudi. Niliponda kokoto mpaka viganja vikaota sugu, na sijawahi kufurahia kazi ngumu kama ile. Watu ambao walikuwa hawasalimiani walipokezana ndoo za mchanga. Siku ya kumwaga zege hakuna aliyekwenda shamba; hata wazee walipanga mstari kuanzia mtoni hadi kwenye rundo la kokoto, na fundi akawa anatuomba tupunguze mwendo, maana hakuweza kutufuata.

Baada ya mavuno yaliyofuata magari matatu yalivuka asubuhi moja. Moja lilikuwa la tajiri wangu wa zamani. Aliniona, akanijia moja kwa moja.

"Kumbe ni wewe uliyesema."

"Ndiyo, bosi. Ni mimi."

Alinitazama kidogo, akacheka, akasema basi nimwelekeze kwa mama kabla wengine hawajafika. Nilimwelekeza. Mama aliwasikiliza wanunuzi wote watatu, akawaacha washindane, akamuuzia aliyefika bei ya juu zaidi, ambaye hakuwa tajiri wangu.

Tofauti kati yetu haikufutika. Baba mdogo, mwenye mengi ya kuuza, ndiye aliyepata fedha nyingi zaidi, na nyumba yake sasa ina vigae. Lakini mjane analima kabichi bondeni, na anapolima shamba la mtu siku hizi yeye ndiye anayetaja ujira wake.

Siku ile ya magari, magunia yalipokwisha kupakiwa, mama alimwambia dereva wa mnunuzi wake kwamba anataka kwenda naye Kasulu akaone maharage yake yanakofikia. Hakuwa amekanyaga mjini kwa miaka mingi. Dereva akamfungulia mlango wa mbele. Mama akajifunga kitenge kipya, akapanda, akakaa wima kama bibi harusi, na walipofika katikati ya daraja nilimwona akitoa kichwa dirishani kutazama maji chini yake.