Mkono Ambao Haukuvimba

Juzi, kwenye kliniki moja Arua, nilimwona nesi akipima kwa rula uvimbe wa mkono wa mtoto, na harufu ya spiriti ikanirudisha utotoni, nyumbani Koboko. Baba, mwanajeshi mstaafu, alikuwa na kifua kikuu. Nesi alitudunga sindano mkononi sisi wanawe tu, watoto wa jirani hapana, nami nikaamini inatafuta damu ya Baba.

Nesi aliporudi siku ya tatu, mkono wa kaka ulikuwa umevimba, akapewa vidonge. Wangu aliupapasa.

"Huyu iko sawa. Hakuna kitu."

Niliangua kilio: basi mimi si wa Baba! Mama alicheka huku akifuta machozi. Leo najua sindano ilitafuta vijidudu vya kifua kikuu, na mkono usiovimba ndio aliokuwa akiuombea.

Mlangoni mwa kibanda alikolala peke yake, Baba alisimama wima, kitambaa mdomoni, akanipigia saluti.