Dengu za Mwisho wa Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Shinyanga, Bwana Shamba wa wilaya alinikabidhi kamba ndefu, mzigo wa vigingi na onyo.

"Familia zilizohamia huku zimechelewa kupewa mashamba kwa sababu kufyeka pori la mbung'o kumechelewa. Mvua iliyobaki ni ya wiki chache. Pamba imepitwa, mahindi yamepitwa. Wapande viazi upesi. Shamba nitakalolikuta tupu nitampa mtu mwingine."

Nikaitikia, "Ndiyo, Bwana." Ilikuwa miaka ya thelathini, nami sikuwa nimesomea kilimo popote. Nilijifundisha kwa kijitabu kilichochanika jalada, nikakariri vipimo vyake vyote. Kila asubuhi niliamka nikiamini kwamba leo nitagunduliwa.

Kazi ya mwalimu wa kilimo wakati ule ilikuwa hivi: unapima kwa hatua, unachomeka vigingi, unavuta kamba, na watu wanainua tuta kuifuata. Tuta likate mteremko, lisishuke nao, ili maji yasichukue udongo. Marando, yaani vipande vya mashina ya viazi vitamu, huchomekwa juu yake udongo ukiwa na unyevu. Hayo niliyajua. Nisichokijua ni kuridhika.

Mama Masanja, mjane aliyehamia pale na watoto watatu, alibeba marando yake kichwani mwendo wa siku mbili. Nilianza na shamba lake. Siku ya kwanza matuta yalikaribiana upande mmoja, nikayabomoa. Siku ya pili yakapinda katikati, nikayabomoa tena. Nikamkataza kupanda mpaka nimalize.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia siku ya tatu.

"Marahaba. Kamba yako imeamkaje?" Majirani wakacheka. "Mwanangu, kiazi kikifika chunguni, nani atauliza kilisimama mstari gani?"

"Nipe kesho tu, mama."

"Marando hayaijui kesho."

Nilichukua kesho, na keshokutwa, na siku moja zaidi. Siku ya sita matuta yalinyooka kama nilivyoyaota. Alipofungua mzigo wake, marando yalikuwa meusi, yakiteleza mkononi na kunuka. Bado ameyashika, Bwana Shamba akafika kwa baiskeli.

"Yamenyooka," akasema. "Mimea iko wapi?"

Nitakalolisema sasa linanitia haya hadi leo. Nilijibu, "Huyu mama alileta mbegu mbovu, Bwana."

Mama Masanja aliyaweka marando chini, juu ya tuta langu. Bwana Shamba akatoa penseli ili alifute jina lake kwenye orodha ya mashamba, na sauti ikanitoka kabla sijaipanga.

"Si kweli, Bwana. Yalikuwa mazuri. Mimi nilimzuia siku sita, kwa ajili ya mistari."

"Kwa hiyo mbegu mbovu ni wewe."

Mama Masanja akatuacha tumesimama, akateremka hadi chini ya shamba kwenye kipande cha mbuga, udongo mweusi mzito ambao niliuacha kwa sababu uliharibu vipimo vyangu. Akachimba donge, akalifinya. Likabaki na alama za vidole.

"Huku bado kuna maji," akasema. "Dengu haingoji mvua. Inataka ardhi iliyokwisha kunywa."

"Mbegu unayo?" Bwana Shamba akauliza.

"Ninazo za kupika."

Ndizo zilizokuwa akiba yake yote. Bwana Shamba akarudisha penseli mfukoni. "Zikiota, shamba ni lako. Zisipoota, mtaondoka wote wawili."

Tulipanda siku ileile, yeye akitangulia na jembe, mimi nikifuata na punje, bila kamba. Mvua ikakatika wiki hiyo. Watoto wake wakawa wanakula mlenda mtupu. Kila alfajiri nilikwenda kuchungulia, na mara mbili nilifukua punje kuona kama imepasuka, mpaka akanikamata mkono.

"Mwalimu, hicho unachokifukua ni chakula cha wanangu."

Ziliota siku ya tisa, nyingine zimebanana, nyingine mbalimbali. Alivuna kiangazi kikiwa kikali, na shamba likabaki lake.

Nikahamishiwa Geita, kwenye bustani za wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu, chini ya Mkaguzi aliyesifu sana mistari yangu. Kisha Chato, hadi nikastaafu. Vijana wa kazi hii hunidhania mtu mtulivu. Sijawahi kuwa. Hata kisa hiki nimekiandika mara nne.

Kumwomba msamaha Mama Masanja nako nilichelewa, kwa kutafuta maneno mazuri. Nilihamishwa sijayapata. Niliporudi Shinyanga likizo ya kwanza, nilimkuta uani akipepeta dengu. Nikaanza, nikakwama, nikaanza upya.

"Sema hivyohivyo," akaniambia bila kuacha ungo. "Utarekebisha ukiwa njiani kurudi."

Nikasema.