Nyumba za Mbao za Barbados

Tulisikia wimbo kabla ya kuwaona waimbaji. Ukungu wa Elburgon ulikuwa umemeza lango, ua na nusu ya ng'ombe wetu, na sauti za wageni zilitufikia bila miili. Walikuwa wametoka Nakuru kuniposa. Shangazi zangu waliwafungia lango na kuwajibu kwa nyimbo, kama ilivyo ada, lakini siku hiyo nyimbo zao hazikuwa na mzaha. "Watu wa reli wameshuka kituo kisicho chao," mmoja wao alisema, na wenzake wakacheka kwa pua.

Kwetu msichana haketi na wanaokuja kumposa. Hukaa jikoni mpaka aitwe na kuulizwa swali moja tu: unawajua hawa? Akisema anawajua, chakula huletwa na maongezi huanza. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye riwaya iliyochapishwa, nilisimama nyuma ya pazia nikisubiri kuulizwa.

Mposaji naye hasemi, husemewa. Walipofunguliwa na kuketi sebuleni, mjomba wake, fundi wa reli aliyestaafu, aliinuka akasalimu kwa adabu nyingi. Baba akamkata. Alisema mzee apumzike, yeye anataka kumsikia huyu msomi aliyekwenda kusomea Barbados. Huko kisiwani watu wanaishije?

Niliomba ajibu kwa kifupi. Lakini nilimpenda hasa kwa kuwa hajui kujibu kwa kifupi. Alieleza jinsi Waingereza walivyoshuka ufuoni wakasema ardhi haina mwenyewe. Wakafyeka misitu mpaka upepo ukakosa pa kupumzikia, wakapanda miwa. Kwanza waliwatumikisha maskini wa kwao, kisha wakanunua watu wa Afrika, shehena baada ya shehena, wakawaandikia sheria za kuwaweka fungu moja na mifugo. Utumwa ulipokomeshwa, aliyelipwa fidia alikuwa bwana. Walioachwa huru hawakuwa na pa kusimama, maana kisiwa ni kidogo na karibu kila shamba lilikuwa na mwenyewe. Basi wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe, bila msingi, ili mwenye shamba akiwafukuza wazing'oe ubao kwa ubao, wazipakie mkokoteni. Zaidi ya karne ikapita kabla bendera ya Uingereza haijashushwa. Watu wakaimba uhuru. Kulipokucha, miwa mingi ilikuwa bado mikononi mwa walewale.



Babu yangu alikuwa karani wa mzungu wa shamba letu. Uhuru ulipokuja mzungu akaondoka, shamba likabaki kwa karani, na waliolipalilia wakabaki katika vibanda vyao vya mbao kando ya msitu. Baba ndiye aliyewafukuza, masika yaliyopita. Nilizitazama kuta zikipita barabarani juu ya mikokoteni, mmoja bado una kalenda. Mchumba wangu hakujua lolote kati ya hayo.

"Nani amekutuma?" Baba alimuuliza.

"Nasimulia ya Barbados, mzee."

"Gari moshi liliwashusha hapa kama magunia. Hamna hata kaburi moja katika udongo huu, halafu unanifundisha ardhi ni ya nani?"

Mjomba alisema taratibu kwamba makaburi wanayo, yako nyuma ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na kwamba hata pa kuchimba walionyeshwa na wazungu.

Ndipo Baba akaniita. Nilitoka jikoni nikasimama mbele yao. Hakunitazama.

"Unawajua hawa?"

Ni swali wanaloulizwa mabinti wote wa kwetu, na kwa kawaida huulizwa kwa tabasamu. Yeye aliliuliza kama anayefunua maiti ili itambuliwe. Shangazi zangu waliangalia mikono yao. Nilijua jibu alilolitaka. Ningelitoa, wageni wangerudi Nakuru na njaa yao, nami ningeendelea kuwa binti wa nyumba ile, nikisubiri mtu wa kabila la kumpendeza.

"Nawajua," nilisema. "Na wale uliowapakiza mikokoteni, nawajua pia."

"Basi wafuate. Wakulishe wao."

Wageni waliinuka. Mchumba wangu alitaka kusema neno, mjomba akamshika kiwiko. Nilitoka wa mwisho, kandambili za jikoni miguuni, na Baba akaufunga nyuma yangu ule mlango mzito wa mwerezi ulioachwa na mzungu.